Mlinzi wa Akihabara

Nyuma ya duka la dobi mmoja pale Fereej Bin Mahmoud, jijini Doha, kuna benchi lisilo na mwenyewe. Lilitoka kwenye mkahawa uliofungwa enzi za Korona, likaegemezwa ukutani, na tangu siku hiyo Wakenya na Waganda wa mtaa ule wamelikalia kama shamba la urithi. Juu yake kiyoyozi hudondoshea maji kwenye ndoo ya rangi. Kando yake bomba la dobi hutema mvuke wenye harufu ya sabuni. Kila Ijumaa alasiri matatizo ya dunia huletwa hapo na kuharibiwa zaidi. Sheria ya benchi ni moja tu: aliyeleta kahawa ndiye anayeanza kusema. Ijumaa hii chupa ya kahawa ilikuwa ya Ronny, lakini aliyewekwa katikati kama maiti ya kuagwa alikuwa Kiprono, simu yake ikiwa imelazwa kifudifudi pajani.

Kiprono wenzake humwita Mlango. Miaka sita amesimama kwenye mlango mmoja wa duka la vifaa vya elektroniki huko Lusail, na hata hapo kijiweni mtu akitokea kwenye kona yeye huinuka kabla hajajua kwa nini. Ni Mnandi mrefu, mpole, mwenye mke mmoja tu duniani, Charity, fundi wa nguo mjini Kapsabet. Charity ameambiwa kwamba mwaka huu mudir, meneja wake, alikataa kutoa likizo. Huo ulikuwa uongo mweupe, safi, uliopigwa pasi. Likizo ilitoka, siku kumi na nne, na Kiprono akapanda ndege akaenda Tokyo, katika mtaa uitwao Akihabara. Waliojua ni watu watatu wa benchi, wakaapa kunyamaza. Na kwa kweli hawakusema. Aliyemchoma ni yeye mwenyewe.

— Hebu tuione tena hiyo video, akasema Cyrus.

Cyrus ndiye Profesa. Kazi yake ni kutengeneza printa katika ofisi moja ya West Bay, na hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui.

Kiprono akageuza simu. Video ilikuwa ya dakika moja na nusu. Kichochoro chenye mabango ya wasichana wa katuni wenye macho makubwa kama sahani. Kaduka kembamba ka redio na kamera za zamani. Mlangoni amesimama mwanaume mweusi mrefu, mikono nyuma, miguu imeachana kidogo. Anakuja mama wa Kijapani. Mwanaume anamvutia mlango, ananyoosha kiganja kwa adabu, mama anafungua mkoba. Mwanaume anachungulia, anaitikia kwa kichwa. Mama anainama, mwanaume anainama, mama anaingia. Nyuma ya huyo mama kuna foleni ndefu, na kila aliye kwenye foleni ameshafungua mkoba wake tayari.

— Banange! Watu tisa! akasema Ronny, dereva wa teksi, Mganda.

— Kumi na mmoja, akasema Kiprono kwa sauti ndogo. Wawili walikuwa washaingia.

Hata katika aibu mlinzi hapotezi idadi ya watu.

— Na hukulipwa?

— Mwenye duka alinipa kahawa ya mkebe.

— Buda, hebu tueleze vizuri, Cyrus akasema. Mtu anapanda ndege usiku kucha aende kufanya kazi ile ile, na anafanya bure. Ilianzaje?

Kiprono akakuna shingo. Ilianza kwa bahati mbaya, akasema. Alifika kabla duka halijafunguliwa. Lilipofunguliwa akasogea kumpisha mama mwenye mtoto kwenye kigari, akamshikia mlango. Nyuma ya yule mama kulikuwa na mzee, nyuma ya mzee wasichana wawili, na si adabu kumwachia mtu mlango usoni. Halafu mmoja akamtazama kama anayesubiri kitu, na mkono wake Kiprono ukanyooka wenyewe, vile ulivyonyooka miaka minne alipokuwa mlinzi Nairobi, ambako hata kanisani huingii kabla mkoba haujachunguliwa. Yule akafungua. Aliyemfuata akaona mwenzake amefungua, naye akafungua.

— Wajapani wanapenda utaratibu, Kiprono akasema. Hakuna aliyelalamika. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimeshazoea.

— Saa saba! Ulianza saa ngapi?

— Saa nne.

Shamira akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. Shamira ni Mganda wa Masaka, mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya hapo mjini. Kabla ya hoteli alikuwa mfanyakazi wa nyumbani miaka minne, kwa hiyo hakuna siri ya tajiri wala ya maskini inayomshtua. Aliposhiba kicheko akajifuta macho na ncha ya hijabu.

— Na aliyepiga hii video?

— Mzungu fulani, mtalii. Akaitupa mtandaoni. Ikazunguka, ikazunguka, ikafika kwa akina mama wa kanisa letu Kapsabet. Leo asubuhi Charity ameituma kwangu. Na anafunga duka saa kumi na moja. Akifunga, atapiga simu.

Wote wakatazama saa. Ilikuwa saa kumi na robo. Kiprono akaigeuza simu kifudifudi tena. Alimpenda Charity na alimwogopa, yote mawili kwa kipimo kilekile, na katika miaka kumi ya ndoa huo ndio uongo wa kwanza mkubwa aliomwambia.

— Khalas, basi, akasema Ronny akijimiminia kahawa. Hapa tunatafuta maneno. Mimi nimebeba watu miaka minane, nimesikia uongo wa kila kabila kwenye kiti cha nyuma. Hatushindwi.

Ronny wenzake humwita Mita, kwa kuwa akianza kuongea hazimiki mpaka mmefika.

— Kabla ya uongo, ukweli kwanza, Shamira akakatiza. Kaka Kiprono, niangalie. Huko kulikuwa na mwanamke?

Masikio ya Kiprono yakapata moto.

— Kulikuwa na wasichana.

— Yii!

— Si hivyo, dada! Ni mkahawa. Pale Akihabara kuna mikahawa ambapo wasichana wanavaa kama wafanyakazi wa nyumbani. Gauni jeusi, aproni nyeupe, kitambaa kichwani. Wanasimama barabarani wanagawa vikaratasi. Nilipewa kimoja nikaona vibaya kukataa.

Shamira akainua kidole kimoja, kama anayehesabu.

— Ngoja nielewe. Wanavaa aproni ya housegirl.

— Ndiyo.

— Na watu wanalipa kuingia kuwaona.

— Wamepanga mstari.

— Wanaosha vyoo?

— Hapana. Wanachora paka juu ya wali kwa tomato sauce. Halafu mnapiga makofi pamoja ili wali uwe mtamu.

— Wallahi mimi nimevaa hiyo aproni miaka minne Al Rayyan! Shamira akapaza sauti, na mpita njia mmoja akavuka barabara. Nimepika wali wa watu kumi na wawili kila siku. Nani alinipigia makofi? Madam alikuwa akionja anasema chumvi mafi, eti hakuna! Na mtoto wao wa mwisho, kama kuna mtu alimchora, ni mimi, kwa kalamu, nimelala! Na hao wanaitwa wafanyakazi? Hao ni wageni waalikwa!

— Wanakukaribishaje? Ronny akauliza, ameshavutwa.

Kiprono akatazama ndoo ya maji.

— Ukiingia tu, wote wanakugeukia wanasema kwa pamoja: karibu nyumbani, bwana. Kuna maandishi ya Kiingereza ukutani, ndivyo nilivyojua.

— Ukafanyaje?

— Nikalia.

Hakuna aliyetegemea jibu hilo.

— Ulilia namna gani? Ronny akauliza kwa upole. Kulia kwa machozi?

— Kidogo. Nikawaambia ni pilipili.

— Kwenye wali wa paka, ssebo?

— Waliniletea maji.

Kiprono hakutaka kuendelea na hiyo. Hakupenda kuifungua mbele za watu. Kwa bahati nzuri benchi lile halina subira na machozi.

— Sawa, hatutaji mkahawa, Cyrus akasema akipiga makofi mara moja. Sasa sikilizeni Profesa. Dawa ya hii kitu ni neno moja: AI. Akipiga, unacheka kwanza. Unamwambia, mama, siku hizi video zote zinatengenezwa na kompyuta. Wamechukua sura yangu Facebook, wakanibandika huko Japani.

— Sina Facebook.

— Ndiyo maana wakachagua wewe. Huwezi kulalamika.

— Charity anajua ninavyosimama, akasema Kiprono. Mguu wa kushoto huwa nauegemea, tangu ng'ombe aliponipiga teke. Kwenye video nimeuegemea.

— AI inajua mambo mengi, msee.

— Haimjui ng'ombe wetu.

Cyrus akakubali kwamba hilo ni pengo. Ronny akashika zamu.

— Mimi nasema ndugu wa baba mmoja, mnafanana kama pacha. Unamwambia kuna kitu cha familia ulitaka kumficha. Baba yako, kabla hajamwoa mama yako, alisafiri. Alifika mpaka bandarini. Meli ya Wajapani ikaja...

— Baba yangu ni katekista. Safari yake ndefu kabisa ni Eldoret, na alirudi siku hiyo hiyo kwa sababu maji yake hayakumkubali.

— Hao ndio wabaya zaidi! Ronny akasema. Mimi nawabeba hao. Mtu mpole, ana Biblia, kumbe ana watoto mpaka Osaka!

— Nimwambie mke wangu baba ana mtoto Osaka, halafu Jumapili amkute baba kanisani?

— Hapo sasa mazungumzo hayako kwako tena. Yako kwa mzee. Umepona.

Kiprono akajikuta anaifikiria, akaona haya. Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, kisha akaomba kahawa.

— Nyinyi wanaume mnatunga uongo wa sinema, Shamira akasema. Uongo unaosimama ni ule wenye mshahara. Sema kampuni ilikutuma. Wajapani wameandika barua Doha: jamani, tuna maduka elfu hapa, yamejaa simu na wanasesere wa bei kubwa, lakini hatuna anayejua kusimama mlangoni. Tuleteeni bingwa.

— Hiyo ni nzuri, Ronny akakiri.

— Akaenda kufundisha! Ndiyo maana kuna foleni. Ile ni darasa!

Kwa sekunde chache Kiprono aliiona: yeye mwalimu, Wajapani kumi na mmoja wanafunzi, mikoba ikiwa daftari. Kifua kikaanza kujaa. Halafu akamkumbuka mkewe.

— Ataniuliza mbona nilimwambia niko Lusail.

— Ilikuwa siri ya kampuni.

— Na ataniuliza malipo ya ualimu yako wapi. Atataka kuezeka choo.

Wote wakakifikiria choo. Kiyoyozi kikatonesha. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita, na Kiprono akaanza kuhesabu pumzi zake.

— Kwani buda, Cyrus akauliza, mahali pote duniani, mbona Akihabara? Si ungeenda Dubai kama watu?

— Pale dukani, Kiprono akasema, mkabala na mlango wangu kuna televisheni za maonyesho. Kumi na mbili. Zote zinaonyesha kitu kimoja, dakika nne, halafu inarudi mwanzo. Ni mtaa huo. Taa zinawaka, watu wanavuka, wana mifuko mikononi, wanacheka. Miaka sita nimewaangalia. Nawajua. Kuna mmoja ana skafu nyekundu, nikimwona najua baada yake gari linapita. Nikasema siku moja niende na mimi niingie dukani. Niwe mteja. Mtu anishikie mimi mlango.

— Na ulinunua nini?

— Sikufika ndani.

Ronny alicheka mpaka akamwaga kahawa. Shamira naye akacheka, ingawa alimshika Kiprono begani alipokuwa akicheka. Cyrus hakucheka. Cyrus alikuwa amesimama, macho yanameta, na waliomfahamu wakajua kinachokuja ni kikubwa.

— Roboti, akasema.

— Nini?

— Jamani, ni mtaa wa elektroniki! Akihabara kila kitu ni waya na betri. Unamwambia hivi: walipita Lusail wahandisi wa Kijapani. Wakaona mlinzi ambaye miaka sita hajakaa chini. Wakasema huyu ndiye kipimo. Wakakupima urefu, wakapima mguu, wakapima hata ule wa ng'ombe. Wakarudi kwao wakaunda roboti ya Kiprono. Mwangalie kwenye video! Anainama, anainuka, anachungulia, hachoki, haendi chooni. Binadamu gani anafanya hivyo saa tatu?

— Mlinzi yeyote wa Kenya, Kiprono akasema.

— Ssebo, hii naipenda, Ronny akasema akijipangusa. Na wameunda nyingi. Ziko mia. Zinakuja Doha mwakani kuchukua kazi yenu.

— Usiseme hivyo hata kwa mzaha!

— Charity ataikubali, Cyrus akasisitiza. Hakuna mke anayeweza kuthibitisha kwamba mumewe si roboti.

— Mimi ningeuliza maswali mawili tu, Shamira akasema. Hiyo roboti inatuma pesa kila mwezi? Inakuja nyumbani Krismasi? Mkijibu ndiyo, khalas, naichukua hiyo, mbakie na huyu.

Benchi likalipuka. Hata Kiprono alicheka, kicheko cha mtu anayepelekwa hospitali. Wakaanza kubishana kama roboti ina kitambulisho cha Qatar, na kama inaweza kuwa Mkatoliki. Ronny alitaka kujua watoto wa roboti watarithi nini. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tano, na hoja ilikuwa imefika kwenye ubatizo, alipotokea msichana amebeba sare nyeupe mkononi.

Kiprono akainuka. Msichana akadhani ameachiwa nafasi, akasema asante, akakaa.

Aliitwa Valerie, nesi kutoka Bungoma, wiki ya tatu tu Doha. Alikuja kuleta sare kwa dobi, akakuta dobi amekwenda kuswali. Shamira akampa kikombe, na kwa kuwa mgeni hana ubavu wa kukataa, akasimuliwa yote tangu mwanzo: likizo, foleni, paka wa tomato sauce, mapacha wa Osaka, shule ya walinzi na roboti mia. Alisikiliza kwa makini kama anayepokea zamu wodini. Video akaoneshwa mara mbili.

— Kwa hivyo, Cyrus akahitimisha, tuko kati ya kampuni na roboti. Wewe kama mtu wa sayansi unaonaje?

Valerie akasita.

— Mimi ni mgeni, mnisamehe. Lakini yeye mwenyewe amesemaje?

— Nani?

— Mke wake. Charity. Alipotuma video alisema nini?

Ronny akamtazama Cyrus. Cyrus akamtazama Shamira. Walikuwa wamekaa pale saa nzima, wamemjibu Charity kwa njia nne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyejua mwanamke huyo ameuliza nini.

— Kiprono, Shamira akasema polepole. Amesemaje?

Kiprono alikuwa bado amesimama.

— Kuna sauti hapo chini ya video. Ameirekodi. Sijaifungua.

— Tangu asubuhi?

— Niliogopa.

Hakuna aliyemcheka. Valerie akasogea, akapiga benchi kwa kiganja, na Kiprono akakaa. Akaibonyeza.

Sauti ya Charity ikatoka na mlio wa cherehani nyuma yake.

"Baba Chebet. Hii video nimeletewa na Mama Kiptoo wa kanisani, akaniuliza kama una ndugu mwingine. Nikamwambia hana. Huyo ni bwanangu, hata ukimfunika blanketi namjua kwa vile anasimama. Sitakudanganya, nimecheka. Nimecheka mpaka wateja wakaniuliza kuna nini. Halafu nikaitazama tena nikaacha kucheka. Uliniambia hukupewa likizo, uko kazini. Sasa nimeona kumbe ni kweli, ulikuwa kazini. Umefika mpaka Japani, Kiprono, ukasimama mlangoni kwa watu. Nimekosa hata namna ya kukasirika. Sitaki hadithi. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu. Hiyo kazi yako huisha saa ngapi?"

Ikaisha hapo. Ronny akageuka akaitazama teksi yake iliyoegeshwa juani, ambayo angeirudia saa kumi na mbili na kuiacha alfajiri. Shamira alikuwa ameshika gazeti kuukuu, na vidole vyake vilikuwa vikilikunja pembe kama shuka la hoteli, pembe baada ya pembe. Aliposhtuka akalitupa chini. Cyrus, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui, alifungua mdomo. Kisha akatikisa kichwa.

Kiprono hakungoja saa kumi na moja. Akapiga yeye. Alijua anachotaka kusema, na alijua akitulia kidogo tu atapewa uongo mzuri na mtu wa pembeni, kwa hiyo akaanza kabla hajapumua.

— Charity, nilipewa likizo. Siku kumi na nne. Ningeweza kuja na sikuja. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani mtoto alikuuliza jikoni, huyu mgeni ataenda lini. Ulidhani nimelala. Nilisikia.

Huko Kapsabet cherehani ilikuwa ikienda. Ikasimama.

— Endelea, akasema Charity.